Fedha za Nyumba Mpanda: Tuanzie Kwenye Kiwanja

Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Katavi na watu 564,604. Ile ya 2022 ikaukuta na watu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo, asilimia 7.1 kwa mwaka. Wapo waliozaliwa hapa, lakini wengi wamehamia: wafugaji waliosogea na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, wakulima wa mpunga, mahindi na tumbaku, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na watumishi walioletwa baada ya Katavi kutengwa na Rukwa mwaka 2012. Wote wanahitaji pa kulala. Fedha zinazotajwa kila mwaka kwa jina la miji na makazi ni nyingi, na inafaa tujue zinapita wapi kabla ya kumkosa anayejenga katika kata za Nsemulwa au Kawajense hapa Mpanda, makao makuu ya mkoa.

Zipo zilizofika. Mwaka 2012 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 255 wa kuimarisha mamlaka za miji 18, na Mpanda ulikuwa mmojawapo. Leo Mpanda imo pia kati ya miji 45 ya mradi wa miundombinu ya miji, TACTIC, ambao mkopo wake ni dola milioni 410. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ilikopesha ujenzi wa barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Koga hadi Mpanda. Fedha za namna hii hukopwa na Serikali Kuu kwa masharti nafuu, hupitia Hazina na TAMISEMI, kisha hugeuka lami, mitaro, taa za barabarani, masoko na stendi. Si jambo dogo. Mfuko wa saruji unasafiri njia ndefu hadi Mpanda, na anayejenga ndiye anayelipia kila kilomita ya njia mbovu. Lakini lami inaishia mlangoni. Nyumba yenyewe imeachiwa utaratibu mwingine, na huo ndio unaohitaji kutazamwa kwa utulivu.

Mwaka 2010 ilianzishwa Kampuni ya Mikopo ya Nyumba Tanzania, TMRC, kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 40 ulioongezwa baadaye kwa dola milioni 60. TMRC haimkopeshi mwananchi. Inazikopesha benki fedha za muda mrefu, nazo zimkopeshe mteja kwa miaka 15 au 20 badala ya michache. Kwa kadiri yake imefanya kazi, maana benki zinazotoa mikopo ya nyumba zimeongezeka. Hata hivyo mikopo yote ya nyumba nchini bado iko chini ya asilimia 1 ya Pato la Taifa, na riba yake kwa kawaida imekuwa kati ya asilimia 15 na 19.

Tupige hesabu. Chukua nyumba ya shilingi milioni 40 inayokopewa yote kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 615,000, na hadi mwisho mkopaji atakuwa amelipa karibu milioni 111. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 hadi shilingi 500,000. Hata tukiishusha riba hadi asilimia 7, rejesho ni kama 360,000, na mtumishi huyo bado hawezi, kwa sababu makato hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa maneno mengine, riba ni nusu ya tatizo tu. Nyumba iliyokamilika, inayouzwa kwa mkupuo, haimo katika uwezo wa watu wengi wa Mpanda kwa riba yoyote inayoweza kutarajiwa.

Shirika la Nyumba la Taifa lilijaribu. Katika muongo uliopita lilijenga nyumba za gharama nafuu mikoani na wilayani, zikiwamo za Ilembo hapa Mpanda. Lakini shirika lilikopa kwa masharti ya kibiashara, likapaswa kurudisha mtaji na riba, na juu ya bei ikapanda Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, kodi ambayo shirika lenyewe liliilalamikia hadharani. Nyumba inayojengwa kwa fedha ghali haiwezi kuuzwa kwa bei nafuu. Sioni sababu ya kulilaumu shirika kwa hilo. Lilipewa kazi ya huduma na kutakiwa liifanye kwa fedha za biashara.

Sasa tumtazame mjenzi mwenyewe. Mkulima wa tumbaku hupata fedha baada ya masoko, kwa mkupuo mmoja au miwili kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ananunua kiwanja. Unaofuata anafyatua na kuchoma matofali, halafu anamwita fundi aweke msingi. Msimu ukiwa mzuri, kuta zinafika kwenye linta, na hapo boma linasimama, pengine miaka miwili au mitatu, likinyeshewa hadi bati zipatikane. Anahamia kabla ya dari, kabla ya madirisha ya vioo, kabla ya sakafu. Ndivyo sehemu kubwa ya Mpanda ilivyojengwa, bila benki. Mtu huyu hana hati ya kuweka dhamana wala karatasi ya mshahara, na rejesho la kila mwezi linamkuta Februari akiwa na shamba tu. Benki ikimkataa haijamkosea kwa mujibu wa vitabu vyake. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nchi hii ilishawahi kukopa kwa namna iliyokaribia maisha ya mjenzi wa aina hiyo. Kuanzia mwaka 1974 Benki ya Dunia iligharamia mradi wa viwanja na huduma: Serikali ilipima viwanja, ikachonga barabara na kuvuta maji, na mwananchi akajenga mwenyewe. Sinza na Kijitonyama za Dar es Salaam ni matunda yake, pamoja na sehemu za Mbeya, Mwanza, Tabora, Tanga, Morogoro na Iringa. Mitaa kama Manzese, iliyokwisha kujengwa kiholela, iliboreshwa papo hapo. Miongo kadhaa baadaye watafiti walioongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics waliilinganisha mitaa hiyo. Ile iliyopimwa kabla ya kujengwa ilikuwa na nyumba bora zaidi na mpangilio ulionyooka. Iliyoboreshwa baada ya kujengwa haikuonyesha tofauti ya maana na mitaa ambayo haikuguswa.

Kwa mji unaokua kama Mpanda, matokeo hayo yana uzito mkubwa. Yanataka fedha itangulie watu. Lakini mradi ule ulikuwa na kasoro mbili zisizofaa kurudiwa. Viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia mikononi mwa wenye nacho. Na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwaka 1972 na kubeba mikopo ya ujenzi, ilifungwa mwaka 1995 ikiwa imelemewa na madeni yasiyolipwa.

Zana za kuanzia zipo. Programu ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi, KKK, huzikopesha halmashauri bila riba, nazo hurudisha kwa mauzo ya viwanja. Mradi wa usalama wa milki za ardhi una mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150. Benki Kuu ina mfuko wa mikopo midogo ya nyumba, uliotokana na mradi uleule uliozaa TMRC. Kinachokosekana ni kuziunganisha mahali pamoja: halmashauri ipime viwanja vidogo vya mita za mraba 300 au 400 vinavyolipika kwa awamu, na mfuko ukopeshe kupitia SACCOS au AMCOS fedha ya hatua moja tu, ya bati au ya sakafu, rejesho likikatwa wakati wa masoko. Mkopo mdogo wa miaka miwili ukiharibika hauangushi benki. Bei ya tumbaku ikianguka, rejesho lisogezwe msimu mmoja, na kanuni hiyo iandikwe mapema kwenye mkataba ili isiwe fadhila ya meneja. Hati nayo iandikwe majina ya mume na mke, kwa kuwa matofali huchomwa na wote wawili.

Halmashauri itasema, kwa haki, kwamba kupima kunahitaji kwanza kumlipa fidia mwenye shamba. Hapo ndipo mkopo wa benki ya maendeleo ungefaa kuliko mahali pengine popote, maana ardhi ya pembezoni mwa Mpanda bado ni shamba na bei yake bado ni ya shamba. Kila kiangazi cha kuchoma matofali, kipande kingine kinajengwa kabla ya mpima kufika, na atakayetaka kupitisha barabara hapo baadaye atalipa fidia ya nyumba badala ya fidia ya mahindi.