Kutoka Mkutano wa Nairobi Hadi Jikoni Kwetu



Tukisikia wakubwa wamekutana ukumbini kujadili nishati, wengi wetu hudhani mambo hayo ni ya wenye viwanda. Hebu tuutazame mkutano mmoja, tuone kama kuna kilichomfikia mama anayeamka mapema kutafuta kuni.

Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa uliyaita mataifa Nairobi kuzungumzia nishati jadidifu, yaani nishati isiyokwisha kwa kutumiwa, kama ya jua, upepo na maji. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na nchi zisizo na visima vya mafuta, Tanzania ikiwemo, ziliumia sana. Wajumbe walijadili mengi, pamoja na joto la ardhini ambalo Kenya ilianza kulizalishia umeme Olkaria mwaka huo huo kwa mtambo wa megawati 15. Tena msicheke: hata ng'ombe anayevuta jembe alikuwa katika orodha ya nishati! Hapo Wasukuma tungeweza kuwa walimu.

Kuni na mkaa navyo vilijadiliwa, na nadhani hilo ndilo lililokuwa kubwa kwetu. Katika miaka hiyo hiyo mafundi wa Kenya walianza kutengeneza jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, kwa wazo lililotoka Thailand. Udongo ule huzuia joto lisipotelee pembeni, hivyo mkaa kidogo huivisha chakula kile kile. Jiko la namna hiyo lipo leo katika masoko yetu.

Huku kwetu miti ilikuwa imekatwa mno, ndiyo maana mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wazee wakarudia kutenga ngitili.

Sasa tuje kwenye samadi. CAMARTEC ya Arusha imejenga mitambo ya gesi ya samadi tangu miaka ya 1980. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, kikamiminwa katika shimo lililojengewa na kufunikwa kabisa. Humo hamna hewa. Vijidudu hukichachusha, gesi hupanda juu, na bomba huipeleka jikoni ikawaka bila moshi. Ujiuji unaotoka ni mbolea nzuri ya bustani. Ng'ombe wawili au watatu huweza kutosha kupikia familia.

Mbona basi sisi wenye ng'ombe wengi tunapika kwa kuni? Ng'ombe wetu hushinda malishoni, na samadi nyingi hubaki huko. Mtambo unataka ng'ombe wa zizini. Pia unataka maji kila siku, na kiangazi sote tunajua foleni ya kisimani. Gharama ya kujenga nayo si ndogo. Kwa taa, paneli ya sola ni rahisi zaidi, lakini paneli ndogo ya taa haiivishi ugali.

Kwa hiyo mzazi mwenye nia, kabla ya kumwita fundi, apime kwa wiki moja ya kiangazi: samadi ya zizini ni ndoo ngapi kwa siku, na maji ya ziada ni ndoo ngapi. Mwanafunzi aandike hesabu hiyo, na anayekoroga samadi aoshe mikono na abadili nguo kabla ya sala.