Sauti Iliyomezwa na Kabati

Nyumbani kwetu, muda ulio baina ya Alasiri na Magharibi ulikuwa ni wa bibi. Alikuwa akikaa juu ya busati lake, mto mgongoni na tasbihi mkononi, akasikiliza kisomo cha Qur'ani, kisha darsa. Wajukuu walimzunguka, wengine wakimkanda miguu. Alipotaka neno fulani lizingatiwe aliinua kidole kimoja, na chumba kizima kikanyamaa.

Kisha tukaingiza kabati la ukutani. Lilikuwa kabati zuri la mbao ya mvule, limejengwa kutoka sakafuni hadi darini, lenye nafasi za vitabu, nafasi za vyombo vya kaure, na mashubaka mawili yaliyopimwa maalumu kwa ajili ya spika. Seremala alizisukuma spika hadi nyuma kabisa ili chumba kionekane nadhifu, nasi sote tukamsifu.

Wiki ile ile bibi alianza kuomba sauti iongezwe. Tukaongeza. Kesho yake akaomba tena. "Huyu shekhe asomea ndani ya mtungi?" aliuliza siku moja, nasi tukacheka. Tulipozidisha, jirani alibisha hodi kwa upole, akaeleza kuwa mtoto wake mchanga hapati usingizi. Hatimaye bibi alinyanyuka katikati ya darsa akaenda zake chumbani. "Sikilizeni nyinyi, wanangu," alisema. "Masikio yangu yamekwisha kazi." Tangu siku hiyo busati lilibaki tupu, na sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukaliona hilo kuwa ni jambo la umri tu.

Lililotuzindua ni rangi. Ulipoingia mwezi wa Shaabani nyumba ilitolewa vyombo ili ipakwe rangi kabla ya Ramadhani, na spika zikawekwa juu ya vigoda viwili katikati ya chumba. Mmoja wetu akafungulia kisomo kwa sauti ya wastani. Mara bibi akatokea mlangoni. "Leo mumemleta shekhe mwengine?" aliuliza. Shekhe alikuwa yule yule, na kisomo kile kile. Kilichobadilika ni mahali pa spika.

Kwa kuwa kabati za aina hii zimeenea sana katika nyumba zetu, tumeona ni vyema kueleza yaliyotupata, sababu zake, na namna ya kuyarekebisha bila ya kulivunja kabati.

Kwa nini shubaka humeza sauti

Sauti nyembamba, kama ile ya herufi sini au fa, huelekea mbele mithili ya mwanga wa kurunzi. Sauti nzito haina utiifu huo. Huenea pande zote, mbele, nyuma na ubavuni, kwa sababu mawimbi yake ni marefu. Wimbi la sauti inayotetema mara 100 kwa sekunde lina urefu wa takriban mita 3.4, ilhali la sauti inayotetema mara 10,000 lina sentimita 3.4 tu. Kijisanduku cha spika hakiwezi kulizuia wimbi la mita tatu lisizunguke hadi nyuma yake.

Spika ikiwa karibu na ukuta, sauti hiyo nzito hurudishwa mbele ikaungana na ile inayotoka. Kila uso mpana ulio karibu, uwe ni ukuta au sakafu, waweza kuongeza hadi desibeli 6 za sauti nzito, yaani msukumo wake kuwa maradufu. Mhandisi Mmarekani Roy Allison alilichunguza jambo hili kwa makini na kulichapisha mwaka 1974, akaonyesha kuwa spika ile ile hutoa nguvu tofauti kulingana na umbali wake kutoka kwenye nyuso za chumba. Ikiwa ukuta mmoja watosha kuigeuza sauti, sembuse shubaka, ambalo lina mbao tano kuizunguka spika: nyuma, juu, chini, kulia na kushoto.

Tena kuna jambo la pili. Puliza mdomoni mwa chupa tupu nawe utasikia inavuma kwa sauti yake maalumu. Shubaka nalo ni chombo kitupu chenye mdomo. Lenye kina cha sentimita 40 huelekea kuvuma karibu na mara 200 kwa sekunde, na hapo ndipo ilipo sehemu nzito ya sauti ya mwanamume anaposoma au kuzungumza. Kwa hivyo bibi hakukosea alipotaja mtungi.

Wengi hudanganywa na jina pia. Mwaka 1954, huko Massachusetts, Marekani, Edgar Villchur na mwenzake Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research. Spika yao ya kwanza ilitumia hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku kama springi, na hivyo ikatoa sauti nzito kutoka katika sanduku dogo linaloweza kuwekwa rafuni. Tangu zama hizo spika ndogo zimezoea kuitwa spika za rafu. Walakini nyingi zinazouzwa leo kwa jina hilo zina tundu la hewa mgongoni, na hufanya kazi vyema zaidi zikiwa wazi, mbali na ukuta. Ukiisukuma nyuma spika kama hiyo, tundu lake hukabiliana na ubao, na mvumo huzidi.

Sikio la mzee na herufi nyembamba

Huenda msomaji akauliza: mvumo kidogo una madhara gani? Kwa kijana, pengine si makubwa. Kwa mzee, mambo ni mengine.

Usikivu unaopungua kwa umri aghalabu huanza kupungua kwenye sauti nyembamba. Irabu a, o na u husikika vizuri, lakini herufi kama s, f, th na sh hufifia. Herufi hizo ndizo zinazolitenga neno moja na jingine. Tena sauti nzito ikizidi huifunika ile nyembamba, hata kwa sikio zima. Basi mzee hupatwa na mambo mawili kwa pamoja: sikio limepungua, na kabati limemfunika palepale penye upungufu. Tunapoongeza sauti, mvumo nao huongezeka. Hapo yeye husema, "Nasikia, lakini sifahamu," nasi tukadhani ni ukaidi.

Watoto nao wana sehemu yao. Mwanafunzi anayejifunza tajwidi kwa kumfuatisha msomaji anahitaji kuitenganisha sini na swadi, na thaa na sini. Spika inayovuma humfundisha kosa, na mwalimu wa madrasa ndiye atakayetaabika kulisahihisha.

Tahadhari moja: si kila upungufu ni wa kabati. Ikiwa mzee hasikii vyema hata mkizungumza naye ana kwa ana katika chumba kitulivu, apelekwe akapimwe masikio. Lakini chumba kichunguzwe pia, kwani kipimo hicho hakigharimu kitu.

Vidaka vya wazee wetu

Kuweka vitu ukutani ni jadi yetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, chumba cha ndani kilipambwa kwa vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe, vilivyochongwa kwa chokaa safu juu ya safu, vikawekwa vyombo vya kaure na vitabu. Vyumba vile vilikuwa vyembamba, aghalabu visivyozidi mita tatu kwa upana, kwa kuwa dari zilibebwa na boriti za mikoko. Ukuta wenye mashimo na michongo mingi hauirudishi sauti kama kioo kinavyorudisha mwanga, bali huitawanya. Ongeza majamvi, mito na mapazia, na sauti ya msomaji hutua bila ya mwangwi mwingi.

Nyumba zetu za leo zina kuta laini za saruji, marumaru sakafuni, na vioo madirishani. Ndani yake sauti hudunda huku na huku. Kwa hivyo kabla ya kuilaumu spika, tandika zulia baina yake na wasikilizaji na uteremshe pazia zito. Kabati lenyewe likijazwa vitabu vya ukubwa mbalimbali husaidia pia kuitawanya sauti.

Namna ya kurekebisha

Anza kwa jaribio lililotuzindua sisi. Toa spika kabatini, ziweke juu ya vigoda, mbali na ukuta kiasi cha urefu wa mkono, kisha sikiliza sauti ya mtu unayemjua vyema. Zirudishe kabatini usikilize sauti ile ile bila ya kugusa kitufe. Tofauti utakayoisikia ndiyo kazi ya kabati.

Pili, zivute mbele. Uso wa spika uwe sawa na ukingo wa rafu, au utokeze kidogo. Ukiwa ndani, sauti nyembamba hugonga mbao za pembeni kabla ya kutoka, ikafika sikioni imechafuka. Katika nyumba yetu hatua hii peke yake iliondoa nusu ya taabu.

Tatu, jaza utupu. Vitabu, au blanketi kuukuu lililokunjwa, vikiwekwa nyuma na ubavuni mwa spika hupunguza mvumo. Hapa pana sharti: spika yenye amplifaya ndani yake, inayochomekwa moja kwa moja kwenye umeme, hupata joto. Hiyo isizungushiwe kitambaa. Iachiwe nafasi ya kupumua, na nyaya zake zisibanwe.

Nne, tazama tundu la hewa. Ukiwa bado hujanunua, chagua spika ambayo tundu lake liko mbele, au isiyo na tundu kabisa. Ukiwa unayo yenye tundu nyuma, waweza kuliziba kwa sponji. Baadhi ya watengenezaji huiweka sponji hiyo ndani ya boksi, lakini yenye amplifaya ndani isizibwe ila kijitabu chake kikiruhusu.

Tano, pima kimo. Kijispika kidogo kinachotoa sauti nyembamba kiwe usawa wa masikio ya msikilizaji. Hapa kabati nyingi hukosea, kwa kuwa hupimwa kwa mtu aliyesimama. Anayekaa kitini masikio yake huwa karibu na mita moja kutoka sakafuni, na anayekaa chini kwenye busati huwa chini zaidi. Rafu ikiwa juu, weka kabari ya mpira chini ya sehemu ya nyuma ya spika ili iiname kumwelekea msikilizaji. Usiilaze ubavu kwa ajili ya kuitosheleza nafasi.

Sita, umbali uwe wa haki. Spika mbili na msikilizaji wafanye pembe tatu zenye umbali unaokaribiana. Zikiwa zimeachana mita mbili, naye akae kama mita mbili kutoka kwa kila moja. Mzee apewe mahali hapo, vijana wakae pembeni.

Saba, misahafu iwe na rafu yake ya juu, mbali na shubaka la spika. Watu wetu hawapendi kuiweka chini ya kitu kingine, na rafu inayotetema si mahali pake.

Jirani aliye nyuma ya ukuta

Kabati lililopigiliwa kwenye ukuta wa pamoja hupeleka mtetemo kwa jirani kupitia mbao na mawe. Sauti nzito ndiyo ivukayo ukuta kwa urahisi. Yeye hasikii aya wala mawaidha, husikia mdundo tu. Weka vipande vya mpira au sponji ngumu chini ya pembe nne za spika ili mtetemo usishuke rafuni. Ikiwezekana, kabati la spika lijengwe kwenye ukuta usiopakana na mtu. Na sauti ikishakuwa safi, haja ya kuipandisha huondoka yenyewe. Sisi leo tunasikiliza kwa sauti ya chini kuliko ile tuliyoanzia, na jirani hajarudi ila kwa kuleta sahani ya futari.

Rangi ilipokauka, seremala aliitwa tena. Bibi mwenyewe ndiye aliyemsimamia, amekaa kwenye busati lake huku kisomo kikisikika. "Vuta mbele, mwanangu," alimwambia. "Bado. Vuta tena." Spika zilipofika ukingoni mwa rafu, seremala alilalamika kuwa kabati limeharibika sura.

Bibi hakumjibu. Alikuwa ameinua kidole kimoja, nasi sote tukanyamaa.