Je, Wajua? Mpira Mchafu Ulivyowabeba Warushaji wa Kale

Katika besiboli, mrushaji akimaliza mechi nzima peke yake bila wapinzani kupata hata pointi moja, huandikiwa mechi ya sufuri. Walter Johnson wa Washington Senators alikusanya 110 kati ya 1907 na 1927. Anayemfuata, Grover Cleveland Alexander, ana 90. Mnamo Septemba 1908 Johnson aliwanyima pointi New York mara 3 katika siku 4, na siku ya mapumziko ilikuwapo tu kwa sababu Jumapili haikuchezwa.

Rekodi ya msimu mmoja ni 16. George Bradley wa St. Louis aliiweka mwaka 1876, msimu wa kwanza wa National League, na Alexander akaifikia mwaka 1916 akiwa Philadelphia. Kuwaweka wawili hao sawa ni kosa. Bradley, aliyeanza mechi zote 64 za timu yake, alirusha mkono ukiwa chini, umbali wa mita 13.7 tu, ingawa mpigaji naye aliruhusiwa kuchagua mpira wa juu au wa chini. Alexander alirusha kutoka mita 18.44, umbali uliowekwa mwaka 1893, na uwanja wake wa nyumbani, Baker Bowl, ulikuwa na ukuta wa kulia ulio karibu mno. Kazi ya Alexander ni nzito zaidi.

Hata hivyo, sifa nyingi wanazopewa watu hawa ni haki ya mpira wenyewe. Mpira mmoja uliweza kutumika karibu mechi nzima. Ukiangukia kwa watazamaji, ulidaiwa urudi. Kufikia jioni ulikuwa umelegea, umepigwapigwa, una rangi ya udongo, na mpigaji aliuona kwa shida.

Juu ya hayo kulikuwa na mate. Kwa kawaida vidole huuvuta mpira upande wa nyuma unapotoka mkononi, nao huzunguka kinyumenyume. Mzunguko huo husukuma hewa chini, na hewa nayo huubeba mpira, hivyo hauanguki upesi. Vidole vikilowa huteleza: mpira hutoka kwa kasi ileile lakini karibu bila kuzunguka, na hudidimia ghafla mbele ya gongo. Ed Walsh wa Chicago, bingwa wa mtindo huo, alishinda mechi 40 mwaka 1908. Wengine walitumia nta, vaselini, tumbaku, msasa, matope.

Mwaka 1920 mate yalipigwa marufuku, isipokuwa kwa warushaji 17 walioachiwa waendelee. Wa mwisho, Burleigh Grimes, alistaafu mwaka 1934. Agosti 1920 Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira, akafa, na tangu hapo mipira michafu ikawa inaondolewa haraka. Leo mpira hutupwa kwa doa dogo tu, ufujaji usio na kiasi, na mrushaji mwenye mechi 2 za sufuri anaweza kuongoza ligi.

Orodha hizi zina pengo la aibu. Warushaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu, na takwimu zao zilitunzwa ovyo. Mwaka 2020 Major League Baseball ilizitambua ligi zao za 1920 hadi 1948. Waliotangulia miaka hiyo, akiwemo Rube Foster kama mrushaji, bado hawamo.