Kijiko ya benzoati: labo inahesabu nini?

Ndugu zangu wa agro, niongee kidogo juu ya ile poda nyeupe ambayo wengi wetu tunatia ndani ya juisi ya kuuzisha: benzoati ya sodiamu, E211 kwenye etiketi.

Bidoni ya litre 20, kijiko moja ya chai. Mmoja anachota gramu 3, mwingine anajaza mpaka gramu 5. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 150 kwa litre ndani ya vinywaji vya ladha visivyo na pombe, ikihesabiwa kama asidi benzoiki. Kufika ku asidi, zidisha uzito wa benzoati mara 0,85. Wa kwanza ana karibu 127, wa pili 212. Kijiko ni ile ile! Na kwa macho, chupa zote mbili ni sawa.

Labo yenye bureti tu inaweza kupima. Tunatia soda kali, tunashibisha na chumvi ya jikoni, tunachuja. Asidi hidrokloriki inageuza benzoati kuwa asidi benzoiki, ambayo inapenda eteri kuliko maji. Eteri inaikamata, kisha tunaacha eteri iruke polepole, bila moto mkali, juu asidi yenyewe nayo inaweza kuruka. Mabaki tunayayeyusha ndani ya alkoli, na kuhesabu soda inayoingia mpaka rangi ya waridi itokee.

Shida: kama mtu alitia pia sorbati, asidi sorbiki inafuata eteri na inahesabiwa kama benzoiki. Hapo njo HPLC inasaidia. Kolona inatenganisha, kila kitu kinatoka kwa dakika yake, na mwanga wa UV wa nanometa 230 hivi unaonyesha kilele. Tunalinganisha na suluhisho tunazojua kipimo. Ila mimi naamini matokeo kama wametia kwanza kipimo kinachojulikana ndani ya juisi ile ile: ukitia 100 na mashine inarudisha 70, njia inapoteza.

Sasa tangawizi. Benzoati inafanya kazi ikiwa katika umbo la asidi. Kwa pH 4,2 nusu tu iko hivyo; kwa pH 6 haifiki hata 2 kwa mia. Marakuja ni chachu ya kutosha. Tangawizi bila limau hapana, na njo pale watu wanaongeza kijiko ya pili, ya tatu, na juisi inaharibika tu. Pima pH, tia limau mpaka ishuke chini ya 4, halafu chukua balansi.