Leseni za zana za kutengeneza programu: kwa nini tarehe ya kununua ina uzito mjini Juba

Kwa kijana anayetengeneza programu za kompyuta katika mtaa wa New Site, Juba, leseni ya zana za kazi hulipiwa kwa dola, ilhali wateja wake wengi humlipa kwa pauni ya Sudan Kusini. Akikosea wakati wa kununua, anaweza kutumia akiba ya miezi kadhaa na hatimaye kubaki na toleo lililokwisha kupitwa na jingine.

Mara nyingi ombi la malipo huwafikia jamaa walio ughaibuni, kwa kuwa wao ndio wenye kadi za benki zinazokubalika mtandaoni. Kwa hiyo mwenye kulipa naye hana budi kuelewa anachonunua.

Mambo muhimu

- Baadhi ya leseni humwachia mnunuzi toleo lililokuwapo siku alipolipa.
- Nyingine humwachia kila toleo lililotoka kabla ya mwaka wake kwisha.
- Zana nyingi zinazotegemewa hazilipiwi kabisa.

Je, kuna haja ya kulipa?

Swali hili hutangulia mengine yote. Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotangazwa mwaka 2015, hutolewa bure, na Android Studio ya Google vilevile. Visual Studio Community nayo haitozwi ada kwa mtu binafsi, hata akiitumia kwa kazi ya malipo, na kampuni ndogo inaruhusiwa kuwa na watumiaji wasiozidi watano. Delphi ina toleo la bure kwa wale ambao mapato yao ya mwaka hayazidi dola 5,000. Kampuni ya JetBrains huwapa wanafunzi leseni bila malipo, na tangu Oktoba 2024 zana yake ya WebStorm hutumika bure kwa shughuli zisizo za biashara. Anayemtengenezea mteja tovuti kwa ujira hahesabiwi katika kundi hilo la mwisho.

Toleo gani litabaki mikononi mwako?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwezi Septemba 2015 JetBrains ilitangaza kwamba zana zake zitauzwa kwa malipo ya kila mwaka au kila mwezi. Watumiaji walilalamika kwamba atakayeshindwa kulipa tena atanyang'anywa zana ya kazi. Kampuni ikarekebisha mpango wake mwezi huohuo: anayelipa mwaka mzima hupata haki ya kudumu ya kutumia toleo lililokuwapo siku aliyolipa.

Tuchukue mfano wa IntelliJ IDEA. Toleo la 2025.1 lilitoka Aprili 2025, na la 2025.2 likafuata Agosti. Aliyelipa mwishoni mwa Julai aliweza kulitumia la Agosti mwaka wake ulipokuwa ukiendelea, lakini asipolipa tena hurudi kwenye lile la Aprili. Aliyesubiri hadi katikati ya Agosti, kwa bei ileile, amejihakikishia toleo la Agosti daima. Kwa kampuni inayolipa kila mwaka bila kukosa, tofauti hiyo haina uzito. Kwa timu ya vijana watatu ambao hawajui kama mwakani watazipata dola, ina uzito mkubwa.

Pale ambapo kanuni hugeuka

Leseni ya Delphi inayolipiwa hufuata utaratibu mwingine. Mnunuzi hupewa haki ya kudumu pamoja na mwaka mmoja wa kupokea matoleo mapya, na yale yaliyotoka ndani ya mwaka huo hubaki yake. Toleo la 11 lilitoka Septemba 2021, na la 12 likaja Novemba 2023. Aliyenunua Oktoba 2021 asiendelee kulipia alimaliza mwaka wake kabla toleo kuu jipya halijatoka. Aliyenunua Oktoba 2023 alilipata la 12 mwezi uliofuata, bila nyongeza ya bei.

Kwa leseni ya namna hii, basi, kununua muda mfupi kabla ya toleo jipya kuna faida, ilhali kwa ile ya kwanza ni heri kununua baada yake. Ndiyo maana masharti hayana budi kusomwa kabla ya kutazama kalenda.

Pauni inaposhuka, kusubiri kuna gharama

Mwezi Desemba 2015 Sudan Kusini iliachia thamani ya sarafu yake iamuliwe na soko, na dola moja ikapanda kutoka takriban pauni 3 hadi zaidi ya pauni 18. Kufikia mwaka 2024 dola moja ilikuwa imevuka pauni elfu moja. Mtu anayeweka akiba kwa pauni huku akingoja toleo jipya anaweza kukuta fedha zake hazitoshi tena.

Kwa hiyo uamuzi wa kusubiri utenganishwe na uamuzi wa kubadili fedha: akiba ya leseni iwekwe kwa dola mapema, hata kama malipo yatafanywa baadaye. Wakati wa kungoja, kipindi cha majaribio kinaweza kuziba pengo. JetBrains hutoa siku 30 kwa zana zake nyingi.

Kabla ya kutuma malipo

Hakikisheni kwamba kompyuta iliyopo inalimudu toleo jipya. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya zamani huenda ikahitaji fedha kabla ya leseni. Jamaa anayelipa kutoka nje ahakikishe leseni imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya atakayeitumia. Timu nayo ikumbuke kwamba leseni ya mtu binafsi ya JetBrains, ambayo ni nafuu kuliko ya kampuni, hairuhusiwi kugharimiwa na kampuni wala mmiliki wake kurudishiwa fedha na mwajiri.

Mwisho, andikeni tarehe ambayo mwaka wa leseni utakwisha, na mjue iwapo kadi itakatwa tena yenyewe siku hiyo. Aliye Juba na aliye ughaibuni wakikubaliana mapema kuhusu jambo hilo, hakuna atakayeshtukia malipo ambayo hakuyapanga.