Kamera za Ulinzi, Polisi na Haki ya Kuuliza

Kamera ya ulinzi ikifungwa kwenye lango la nyumba ya wageni Matema au ghala la mpunga Kyela mjini, humnasa kila apitaye barabarani, na picha hizo zikifika polisi, mwananchi anastahili kujua zimefika kwa makubaliano gani. Nchini Marekani, maombi ya nyaraka za umma yalisaidia kufichua ushirikiano wa polisi na Ring, kampuni ya kamera za majumbani inayomilikiwa na Amazon, ambayo Agosti 2019 ilitaja idara zaidi ya 400 ilizoshirikiana nazo.

Tanzania Bara, njia hiyo imo katika Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: mwombaji huandika ombi kwa taasisi ya umma, asiyejua kuandika husaidiwa, na jibu hutakiwa ndani ya siku 30. Hata hivyo, taarifa zinazogusa usalama wa taifa au upelelezi huweza kuzuiwa, ingawa mkataba wa kamera, kwa haki, si upelelezi. Tena haki hiyo ni ya raia peke yake, hivyo mfanyabiashara wa Malawi avukaye mpaka wa Kasumulu, ambaye sura yake hunaswa vilevile, hawezi kuitumia.