Karafuu, Pembe na Mizinga



Taifa kubwa likipeleka meli za vita katika nchi ndogo, hutoa sababu nzuri. Husema linaleta amani, au linalinda watu wake. Pengine sababu hizo zina ukweli. Lakini mara nyingi ipo na sababu nyingine, nayo ni mali. Tuitazame historia ya Unguja.

MALI YA UNGUJA

Kizimbani ni mojawapo ya mahali ambapo karafuu zilipandwa kwanza Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19. Shamba lilikuwa la tajiri mmoja, Saleh bin Haramil. Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, alimnyang'anya. Kisha aliamuru karafuu zipandwe kwa wingi. Waliolima na kuchuma ni watumwa waliotoka bara. Kwa hiyo Sultani naye alitumia nguvu kwa ajili ya mali.

Karafuu, pembe za ndovu na sandarusi ziliwavuta wafanyabiashara wa mbali. Wamarekani walifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Waingereza walifuata mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Wamarekani walileta kitambaa cha pamba. Ndiyo maana kitambaa kile kiliitwa merikani.

RAFIKI MWENYE MANOWARI

Waingereza walitawala Bara Hindi. Hawakutaka taifa jingine kubwa lipate nguvu katika bahari yetu. Mwaka 1873 walimlazimisha Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Walitishia kuizingira Unguja kwa manowari. Kufunga soko lile lilikuwa jambo jema, na walikuwapo Waingereza waliolipigania kwa moyo safi. Hata hivyo, Sultani aliona kuwa nguvu si yake tena.

Mwezi wa Agosti 1885 zilifika manowari za Wajerumani. Zilisimama mbele ya jumba la Barghash. Kampuni ya Wajerumani ilitaka ardhi ya bara. Barghash alitegemea msaada wa Waingereza, lakini hakuupata. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara. Sultani aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Mwaka 1890 walipatana tena. Waingereza walichukua ulinzi wa Unguja na Pemba. Wajerumani walipewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Ulaya. Wakulima wa Kizimbani hawakuulizwa neno.

Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni 4 kwa pwani ya Tanganyika. Je, fedha hizo zilikwenda wapi? Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilizitumia kuilipa kampuni ya Kiingereza iliyoshindwa kuendesha nchi ambayo leo ni Kenya na Uganda. Fedha zilikuwa za Zanzibar. Walionufaika ni matajiri wa kampuni.

DAKIKA 40 ZA MIZINGA

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamid bin Thuwaini alifariki. Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la Sultani bila idhini ya Waingereza. Wao walimtaka mtu mwingine, ambaye angewasikiliza. Tarehe 27, saa 3 asubuhi, manowari za Waingereza zilianza kupiga jumba kwa mizinga. Kwa dakika 40 hivi mambo yalikwisha. Watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Mwaka huo huo Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Uganda.

TUJIFUNZE NINI?

Wazee husema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa Unguja tembo wawili hawakupigana. Waligawana, na nyasi ziliumia vile vile.

Si kila mgeni ni adui. Biashara ni jambo jema, na karafuu zetu zinahitaji mnunuzi. Lakini ukisikia katika redio kwamba taifa kubwa limepeleka majeshi mahali fulani, usiishie kwenye sababu iliyotangazwa. Jiulize kwanza, kisha jadilianeni:

1. Mahali hapo pana mali gani, au ni njia ya kupitisha mali gani?
2. Nani atapata faida?
3. Nani atalipa gharama?
4. Je, wenyeji wameulizwa?